MTI WA KATABI NA SWALA YA MVUA: MAZINGATIO KUHUSU MATAMBIKO YA PAMOJA NA YA FARAGHA MKOANI KATAVI

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, Aliyeumba mti na jiwe, mto na mlima, wala hakukipa chochote katika hivyo fungu katika uungu Wake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake na Masahaba zake wote. Amma ba'ad.

Ndugu Waislamu, mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka mkoa wa Rukwa mwaka 2012 na ambao makao yake makuu ni Mpanda, umechukua jina la mzimu. Wabende, ambao ni miongoni mwa wenyeji wa nchi ile, husimulia habari za mwindaji mashuhuri aitwaye Katabi. Kwa itikadi hiyo, roho yake imekaa katika mti wa mkwaju karibu na Ziwa Katavi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyoanzishwa mwaka 1974. Watu huenda chini ya mkwaju huo kuweka sadaka na kuomba baraka.

Matambiko ya namna hii, popote yalipo katika nchi yetu, huwa na sura mbili. Ya kwanza ni tambiko la pamoja, ambapo ukoo au kijiji hukusanyika, wakachanga, wakachinja na kula. Ya pili ni tambiko la faragha, ambapo mtu mwenye haja yake, awe mgonjwa, asiyepata mtoto au anayesafiri, huenda peke yake akaweka chochote alichonacho na kunong'ona shida yake. Baadhi ya watu hawa ni ndugu zetu wa damu, na wengine hutamka shahada. Ndiyo maana mas-ala haya yanastahiki kuzungumzwa kwa elimu.

MAKOSA MAWILI

Yapo makosa mawili tunayoyafanya katika kulizungumza jambo hili. Kosa la kwanza ni la wanaosema, "Hayo ni mila tu." Maelezo ya utalii huutaja mti wa Katabi kama kisa cha kumvutia mgeni, na Muislamu akisoma hayo huona kuwa hakuna cha kuulizwa. Lakini anayeweka sadaka pale hafanyi utalii. Anaomba, na anamtarajia anayemwomba. Kuiita dua yake mapambo ya kitamaduni ni kumdharau yeye, na pia ni kuificha hukumu.

Kosa la pili ni la wanaosema, "Uletwe shoka, mti ukatwe." Hawa nao hutaja visa vya Masahaba bila ya kuvipima. Tutawajibu mahali pake, Inshaallah.

MASWALI MAWILI YA MTUME (S.A.W.)

Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Thabit bin Dhahhak (r.a.) kwamba mtu mmoja aliweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana. Mtume (s.a.w.) aliuliza mambo mawili kabla ya kumjibu. Aliuliza kama palikuwa na sanamu la zama za ujahili lililoabudiwa pale. Kisha akauliza kama palikuwa na sikukuu yao iliyofanyiwa pale. Alipoambiwa kuwa hapana, alimruhusu atimize nadhiri yake.

Tuyatafakari maswali haya, kwani yamekusanya mas-ala yetu yote. Swali la kwanza linahusu anayeabudiwa, na hilo linamgusa mtu hata akiwa peke yake. Swali la pili linahusu mkusanyiko, yaani watu kupafanya mahali kuwa pa kurejewa kwa ibada. Yule Sahaba alikuwa anamchinjia Allah, wala nia yake haikutiliwa shaka, na bado aliulizwa kuhusu mahali. Basi itakuwaje kwa anayekwenda mahali panapojulikana, katika mkusanyiko unaojulikana, na kinachochinjwa hakichinjwi kwa ajili ya Allah?

Ama anayekwenda faragha asidhani kuwa usiri wake umempunguzia jambo. Katika Suratul-Jinn, aya ya 6, tunaelezwa habari za watu waliokuwa wakijikinga kwa majini, na hao wakazidi kuwatia katika upotofu. Wafasiri wameeleza kuwa Mwarabu wa zama zile alipolala bondeni peke yake, alikuwa akimwomba mkubwa wa bonde lile amlinde. Hakukuwa na ngoma, mchango wala mkusanyiko. Palikuwa na mtu mmoja, giza na hofu yake, na Qur'ani ikalitaja jambo lake.

Wala asitokee mtu akadhani kuwa haya ni ya mashambani kwetu tu. Nchini Uingereza, maelfu ya watu hukusanyika kwenye mawe ya kale ya Stonehenge kulipokea jua la mwezi wa Juni. Wengine wenye itikadi kama hiyo hufanya ibada zao peke yao, nyumbani au msituni. Watu waliosoma na wasiosoma wanaitafuta haja ile ile, na hukumu ya tawhidi ni moja kwa wote.

HUKUMU YA KITENDO NA HALI YA MTENDAJI

Suratul-An'aam, aya ya 162, imefunga mlango huu: swala na kuchinja kwetu, uhai na kufa kwetu, vyote ni vya Allah peke Yake. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Ali (r.a.) kwamba laana ya Allah humfikia anayechinja kwa ajili ya asiyekuwa Yeye. Imamu An-Nawawi, katika kuisherehesha hadithi hii, ameeleza kuwa nyama ya mnyama huyo si halali, awe aliyechinja ni Muislamu au si Muislamu. Akaongeza kuwa aliyekusudia kumtukuza na kumwabudu huyo aliyechinjiwa ametenda kufru. Hivyo basi, Muislamu haruhusiki kuchinja kwenye tambiko, kula nyama yake wala kulichangia.

Hata hivyo, hukumu ya kitendo haimaanishi kumtoa kila mtendaji katika Uislamu. Imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Abu Waqid Al-Laythi (r.a.) kwamba walipokuwa njiani kwenda Hunayn, mwaka wa 8 Hijriya, waliupita mti ambao washirikina walikuwa wakitundika silaha zao, uitwao Dhaatu Anwaat. Baadhi ya waliokuwa wapya katika Uislamu wakamwomba Mtume (s.a.w.) awawekee mti kama huo. Aliwakemea kwa ukali, akawafananisha na Bani Israil waliomwomba Musa (a.s.) awafanyie mungu. Lakini hakuwafukuza katika msafara. Aliwafundisha, nao wakaendelea naye kwenda vitani.

Imamu wa Mpanda, Inyonga au Karema auchukue mwenendo huu. Anayemjia na habari ya tambiko la ukoo wake huenda hajapata mtu wa kumfundisha. Aanze na mafundisho kabla ya kutaja neno "kafiri".

Na kwa kijana ambaye wazazi wake si Waislamu na wanamtaka achangie, Suratu Luqman, aya ya 15, imempa njia. Asiwatii katika shirki, lakini akae nao kwa wema duniani. Akatae mchango wa tambiko, na siku hiyo hiyo awanunulie unga, alipie dawa, awasaidie palizi. Wamuone kuwa amekataa tambiko, wala hakuwakataa wao.

KUHUSU HOJA YA SHOKA

Wanaotaka mti ukatwe hutaja kwamba Umar bin Al-Khattab (r.a.) aliukata mti wa Hudaybiya ambao Masahaba walitoa bai'a chini yake. Riwaya hii ameitaja Ibn Sa'd kutoka kwa Nafi', na Nafi' hakumdiriki Umar. Kwa upande mwingine, katika Sahih Bukhari imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba waliporudi mwaka uliofuata, hawakuafikiana hata watu wawili kuhusu mti wenyewe. Naye Said bin Al-Musayyab amepokea kutoka kwa baba yake, aliyekuwepo, kwamba walisahaulishwa mti huo. Mwenye kuijenga hoja juu ya riwaya ya kukatwa inampasa ayataje na haya.

Pia hutajwa Khalid bin Al-Walid (r.a.), aliyetumwa kumvunja Al-Uzza huko Nakhla. Hilo ni kweli, lakini alitumwa na Mtume (s.a.w.) mwenyewe baada ya Makka kufunguliwa, akiwa kiongozi mwenye mamlaka ya nchi. Khalid hakujituma. Mtu wa kawaida kuingia hifadhini na shoka ni kuvunja sheria ya nchi na kuwasha fitna baina ya majirani. Suratul-An'aam, aya ya 108, imetukataza hata kuwatukana wanaoabudiwa badala ya Allah, isije wenyewe wakamtukana Allah kwa uadui pasi na elimu. Ikiwa ulimi umezuiwa, shoka litapewa ruhusa na nani?

Tena mkwaju wenyewe haukutenda dhambi. Ni kiumbe kinachomsabihi Mola wake.

UISLAMU HAUKUTUNYIMA ARDHI NA MBINGU

Ndugu msomaji, wapo wanaodhani kuwa tawhidi inamtaka mtu ayafumbie macho maumbile. Sivyo. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba mvua iliponyesha, Mtume (s.a.w.) alifunua sehemu ya nguo yake ili maji yamguse, kwa kuwa mvua hiyo ndiyo kwanza imetoka kwa Mola wake. Aliupenda mlima wa Uhud, na akasema kuwa nao unatupenda. Miti ya haram ya Makka na ya Madina haikatwi. Suratu Aal Imran, aya ya 190 na ya 191, zinawasifu wanaofikiri juu ya umbo la mbingu na ardhi, wakimtaja Allah kwa kusimama, kwa kukaa na kwa kulala.

Anayetaka faragha anayo katika dini yetu. Miongoni mwa watu saba watakaokuwa katika kivuli cha Allah ni yule aliyemkumbuka Mola wake akiwa peke yake, macho yake yakabubujika machozi. Na anayeshuka mahali pa kutisha, msituni au ziwani, amefundishwa katika hadithi ya Khawla bint Hakim (r.a.), aliyoipokea Muslim, ajikinge kwa maneno ya Allah yaliyotimia na shari ya alivyoviumba, na hakuna kitakachomdhuru mpaka aondoke mahali hapo. Dua hii imeshika nafasi ya ile nong'ona ya bondeni. Je, tumewafundisha wavuvi wa Tanganyika na warina asali wa misitu ya Mpanda?

LAWAMA INAYOTUHUSU

Hapa ndipo kalamu inapotugeukia sisi wenyewe. Haja za watu wanaotambika katika nchi za magharibi ya Tanzania zinajulikana, na kubwa mojawapo ni mvua. Katavi ina msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, unaoanza takriban Novemba na kumalizika Aprili. Ukichelewa, mkulima hana msimu wa pili wa kukimbilia. Wazee wa mila huitisha watu mara moja. Je, msikiti nao huitisha?

Swala ya kuomba mvua ni Sunna iliyothibiti. Katika Bukhari na Muslim, Abdullah bin Zayd (r.a.) ameeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alitoka kwenda uwanjani, akaelekea Qibla akiomba, akageuza shuka yake na akaswali rakaa mbili. Imamu Abu Hanifa aliona kuwa asili yake ni dua na istighfari, lakini wanafunzi wake wawili wakubwa walikuwa pamoja na jamhuri. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, imamu huwaamrisha watu wafunge siku tatu, watubie, watoe sadaka na warejeshe haki walizodhulumu. Siku ya nne hutoka wakiwa wamefunga, kwa nguo za kawaida na kwa unyenyekevu, wakiwa na wazee, watoto na hata wanyama. Imamu An-Nawawi ametaja katika Minhaj kwamba watu wa dhimma hawazuiwi kuhudhuria, ila hawachanganyiki na Waislamu. Basi ibada hii iko wazi mbele ya majirani zetu, waone tunamwomba nani.

Lakini sharti la kurejesha haki lisisomwe harakaharaka. Mto Katuma, unaoingia katika hifadhi na kuzinywesha mbuga zake, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, viboko wakasongamana katika vidimbwi vya tope. Watafiti wameeleza kuwa miongoni mwa sababu ni kuchepushwa kwa maji kwa ajili ya mashamba ya mpunga yaliyo juu ya mto na kuharibiwa kwa misitu. Si hasira ya mzimu. Suratur-Rum, aya ya 41, imesema kuwa ufisadi wa bara na bahari hutokana na yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Na Mtume (s.a.w.), alipohukumu ugomvi wa maji baina ya Zubayr na jirani yake Ansari, alimwelekeza aliye juu amwagilie kisha ayaachie maji yamfikie aliye chini. Muislamu aliyeziba maji kwa ajili ya jaruba lake, kisha akatoka kuomba mvua, aanze kwa kuufungua mfereji.

WASIA KWA MAIMAMU

Tunawanasihi maimamu na walimu wa madrasa wa Katavi mambo matatu. Kwanza, wafundishe hadithi za Buwana na Dhaatu Anwaat kwa Kiswahili kinachoeleweka, kabla ya msimu na si baada ya ugomvi. Pili, mvua ikichelewa, wasingoje kuulizwa. Watangaze toba, funga na siku ya kutoka, na wajumbe wapelekwe mpaka misikiti ya vijijini. Tatu, wawatembelee wenye shida za faragha, mgonjwa na asiyepata mtoto, kwani huyu ndiye anayekwenda mtini peke yake. Huenda alipita mbele ya mlango wa msikiti, asimwone mtu wa kumwambia shida yake.

Tunamwomba Allah (s.w.) atutakasie tawhidi yetu, awaongoze jamaa zetu, na atunyeshelezee mvua yenye manufaa isiyo na madhara. Wallahu A'alam.