Hukumu ya Rufani ya Kigoma na Lugha Yake

Uchaguzi mdogo wa ubunge uliofanyika Kigoma mwaka 1994 ulizaa shauri lililofika hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania, mahakama iliyo juu ya zote nchini. Aman Walid Kabourou alipinga matokeo, Mahakama Kuu ikayatengua, na Mwanasheria Mkuu akakata rufani. Hukumu iliyotolewa yastahili sifa, kwani yaonya kwamba redio ya taifa, iliyo mali ya umma, haina ruhusa ya kumpendelea mgombea mmoja.

Walakini upo upungufu katika lugha yake. Wapiga kura wa Kigoma na Ujiji waliyasikia matangazo hayo kwa Kiswahili; majaji wakaiandika hukumu kwa Kiingereza. Neno likihamishwa hivyo, fumbo lake na uzito wake huweza kubaki nyuma, na msomaji asiyeliona neno la asili hana njia ya kukihakiki kipimo. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Basi yafaa hukumu hii ifasiriwe mapema, na maneno ya asili yaandikwe kando yake, ili mwenye kura aisome mwenyewe hoja iliyoilinda kura yake.