Maada Nyeusi: Uhakiki wa Istilahi

Mwanafunzi wa Lubumbashi husomea fizikia kwa Kifaransa, kisha huizungumza kwa Kiswahili nyumbani Kamalondo. Njiani humo istilahi ya Kifaransa hutafsiriwa neno kwa neno, ikawa "maada nyeusi". Anayetafsiri kutoka Kiingereza hupata "maada ya giza". Tunaona kwamba zote mbili zina kasoro, ila ya kwetu imezidi.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky alichunguza kundi la galaksi liitwalo Coma, akaona kwamba galaksi zake zaenda kasi kuliko ambavyo uvutano wa maada ing'aayo ungeweza kuzizuia zisitawanyike. Ile isiyong'aa akaiita, kwa Kijerumani, kwa kivumishi chenye maana ya giza. Lilikuwa jina la haki: lilisema tu kwamba nuru haikuonekana. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walipima mzunguko wa galaksi ya Andromeda, na hoja ikapata nguvu. Leo maada hiyo hukadiriwa kuwa asilimia 85 hivi ya maada yote. Haitoi nuru, wala haimezi nuru. Nuru hupita ndani yake. Kitu cheusi, kinyume chake, ni kile kimezacho nuru. Tena mtu wa Katanga jiwe jeusi analijua: ni la kobalti, hutiwa guniani na kuuzwa. Akiambiwa kwamba wataalamu wanatafuta maada nyeusi mgodini, ana haki ya kuuliza kilo moja ni bei gani.

Na kweli wako mgodini. Chombo kiitwacho LZ kimewekwa karibu mita 1,500 chini ya ardhi, katika mgodi wa zamani wa dhahabu wa Homestake, South Dakota, Marekani. Hawachimbi, bali wamejificha: mwamba huzuia miale itokayo angani, ili ndani ya tani 7 za ksenoni kimiminika ionekane cheche ya chembe moja, kama ipo, iliyogonga kiini cha atomu. Nadharia ilitarajia chembe nzito zenye mwingiliano hafifu. Matokeo ya 2022 na ya 2024 hayakuonyesha hata moja. Yalipunguza tu mahali pa kuzitafutia.

Hapa ndipo kitenzi "kugundua" kinapotuponza, kwani hutumika kwa chombo kinachohisi na kwa mtaalamu anayevumbua. "Kigunduzi cha maada nyeusi" ni jina linalotangaza mavuno kabla ya mvua. Watafiti wa DAMA, Italia, wamedai kwa zaidi ya miaka 20 kwamba wanaona ishara ipandayo na kushuka kwa majira ya mwaka. Wale wa ANAIS, Hispania, na wa COSINE-100, Korea Kusini, waliotumia fuwele za aina ileile, hawakuiona. Aandikaye "wamegundua" amekwisha kutoa hukumu bila kujua. Afadhali "kihisi", maana hisi yaweza kukosea.

Kuhusu maada yenyewe, kivumishi "angavu" kingeeleza vema kwamba nuru hupenya, lakini msikilizaji angefahamu kuwa yang'aa. Tunapendekeza "maada fiche". Huenda mtu akauliza ni nani aliyeificha. Swali hilo ni jepesi kulijibu kuliko lile la bei.