Pongezi kwa Wauza Vitabu Vilivyotumika

Wauza vitabu vilivyotumika, wanaopanga bidhaa zao kando ya barabara za Temeke na Kinondoni jijini Dar es Salaam, wanastahili pongezi kwa sababu, pamoja na kumpunguzia msomaji gharama, wanahifadhi alama za umiliki, yaani majina, tarehe, mihuri ya shule na maandishi ya pambizoni yaliyoachwa na wasomaji waliotangulia. Kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichochapishwa mwaka 1972 na Tanzania Publishing House pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London, mwandishi akiwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikipatikana kikiwa na mistari na maswali ya mwanafunzi wa enzi hizo, humwonyesha mnunuzi jinsi hoja za Rodney zilivyopokelewa, na ushahidi huo ungepotea endapo nakala ingeishia kufungia karanga.