Si Mzigo Upimwao, Bali Mchukuzi: Maoni Juu ya Istilahi za Kujaribu Seva

Hivi karibuni tulipata kuusoma mwongozo wa Kiswahili uliofasiriwa kwa ajili ya mafundi na makarani wa ofisi moja mjini Songea. Unahusu kufuatilia utendaji wa seva iliyo mbali wakati inapojaribiwa, yaani inapopelekewa kwa makusudi maombi mengi kwa pamoja, ili ijulikane itastahimili kiasi gani kabla wananchi hawajaanza kuitegemea. Jambo hili si la anasa. Karani wa Songea siku hizi aghalabu hufanya kazi kwa mitambo iliyo mamia ya kilomita kutoka alipo. Ikikwama, mwananchi aliye mbele yake hukwama pia.

Yapo ya kusifu. Mfasiri amesema “foleni” pale maombi yanapongojeana, neno ambalo halihitaji maelezo. Lakini zipo istilahi tatu ambazo hatuna budi kuzikosoa.

Kwanza ni “kupima mzigo”. Katika mkoa wa mahindi kama Ruvuma, kupima mzigo ni kuuweka mizanini. Msomaji atadhani kwamba kinachotafutwa ni uzito wa maombi, hali mzigo wajulikana tangu mwanzo, kwa kuwa fundi mwenyewe ndiye aliyeupanga. Anayepimwa ni mchukuzi. Twaona yafaa kusema “jaribio la kubebesha”, na pale mzigo unapoongezwa hadi seva ishindwe, “jaribio la kuelemeza”. Mji uliotegemea jenereta za dizeli hadi ulipounganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2018 hauhitaji kufundishwa maana ya mtambo kuelemewa.

Pili ni “utendaji wa mbali wa seva”. Kilicho mbali ni seva, wala si utendaji wake. Kosa hili laonekana dogo, lakini lamficha msomaji swali kubwa: kipimo kimechukuliwa wapi? Seva yaweza kueleza jinsi prosesa, kumbukumbu na diski zake zinavyotumika. Haiwezi kueleza safari ya jibu hadi Songea. Mwanga katika nyuzi za mkongo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde; kwa nyuzi za kilomita 1,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 10 tu. Basi karani akingoja sekunde nyingi, umbali peke yake si sababu. Yafaa zichunguzwe foleni na vifaa vya njiani. Hivyo tusema “utendaji wa seva iliyo mbali”, na kila kipimo kitajwe mahali kilipochukuliwa.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ni neno “kasi”. Mwongozo walitumia kwa mambo mawili: muda ambao ombi moja hungojea jibu, na idadi ya maombi yanayomalizika kila sekunde. Seva yaweza kumaliza maombi mengi kwa sekunde huku kila mwombaji akingoja sana. Tunapendekeza “muda wa kuitika” kwa la kwanza, na “wingi wa majibu” kwa la pili.

Tena wastani usitajwe peke yake. Tuseme maombi 95 kati ya 100 yameitikwa kwa nusu sekunde, na 5 yaliyobaki kwa sekunde 20. Wastani ni chini kidogo ya sekunde 1.5, na taarifa itasema kwamba kasi ni nzuri. Lakini watu watano wamengoja sekunde 20, na huenda wote wako mkoa mmoja. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Taarifa iandikwayo kwa neno lisilo na mipaka humfanya mkubwa wa ofisi auone mzigo wa mwenziwe kuwa usufi.

Istilahi za kompyuta hazikuanza leo. Jambo OpenOffice ilipotolewa mwaka 2004 ilionyesha kwamba Kiswahili chaweza kazi hii. Kilichobaki ni uangalifu. Tunawaomba wafasiri, kabla ya kuchagua neno, wamwulize fundi maswali matatu: nani anabeba, nini kinapimwa, na anayepima amesimama wapi. Walimu nao wawafundishe wanafunzi kuuliza hayo hayo. Istilahi isiyoweza kuyajibu haijawa tayari kutiwa katika taarifa ya serikali.