Zidaka za Lamu: pambo lililoanza na msingi

Ukiingia katika nyumba ya mawe ya Lamu ya karne ya 18, kama ile iliyohifadhiwa mjini humo kuwa makumbusho ya nyumba ya Waswahili, macho hukimbilia ukuta wa ndani kabisa. Umejaa zidaka, yaani vishubaka vilivyojengwa ndani ya ukuta, kutoka pembe hadi pembe, safu juu ya safu, zote nyeupe. Ni rahisi kudhani kwamba urembo huo uliongezwa nyumba ilipokwisha. Nikiuchambua kiufundi, naona ulipangwa tangu msingi, kwa sababu fundi alikuwa na mambo matatu ya kutatua: chumba chembamba, mwanga haba, na kuta za matumbawe zinazovuta unyevu.

Tuanze na wembamba. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na juu yake zikaja tabaka nzito za mawe na chokaa. Boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa chini ya mzigo huo, hivyo vyumba vilibaki na upana usiozidi mita 3 hivi, ingawa urefu uliweza kuwa mkubwa. Mafundi walivipanga sambamba, kimoja nyuma ya kingine: kwanza kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha kumbi mbili, msana wa tini na msana wa yuu, halafu chumba kiitwacho ndani. Kila hatua ya kwenda nyuma, sakafu ilipanda kidogo. Katika nafasi nyembamba namna hiyo, kabati lingekula njia. Zidaka ziliingiza rafu kwenye unene wa ukuta, sakafu ikabaki huru kwa mikeka na watu. Tena ukuta wenye vivuli vingi vidogo huonekana kuwa mbali kuliko ulivyo.

La pili ni mwanga. Kuta za nje zilikuwa na matundu machache ili kulinda sitara ya watu wa nyumbani, kwa hiyo nuru karibu yote ilitoka kiwandani. Ilipita misana yote miwili kabla ya kufika ndani, ikipungua njiani. Mapambo yalikwenda kinyume chake: haba karibu na mlango, mengi kadiri unavyoingia. Chokaa nyeupe iliyosuguliwa iliirudisha nuru chumbani, na kwa kuwa nuru ilifika imelala, hata mchoro wenye kina kidogo ulipata kivuli cha kuonekana. Kitazame kidaka kimoja kwa karibu: juu kina tao lenye meno, ubavuni nguzo nyembamba zilizochongwa majani na mawaridi, na katikati pameachwa nafasi ya bakuli la kauri ya Kichina. Bakuli lenyewe linang'aa, nalo likaongeza nuru.

La tatu ni unyevu wa kuta, na jibu lake lilikuwa chokaa; hapa ndipo ufundi ulipo. Matumbawe yalichomwa juu ya lundo la kuni, yakazimwa kwa maji, kisha chokaa ikaachwa ilale kabla ya kutumika. Chokaa hukauka na kukomaa polepole kwa kunyonya kabonidayoksaidi kutoka hewani. Upole huo ulimpa mchongaji muda wa kukata mistari kwa kisu wakati lipu bado ni laini. Saruji huanza kushika ndani ya saa chache, wala haimsubiri mtu. Isitoshe, chokaa hupumua: unyevu ulioingia ukutani hupata njia ya kutoka, hivyo lipu haibanduki kirahisi.

Ukuta huo ulikuwa na kazi ya kijamii pia. Desturi ya Lamu ilikuwa mzazi kumjengea binti nyumba anapoolewa, mara nyingi jirani na kwao, na pengine nyumba mbili zikaunganishwa kwa wikio, yaani daraja lililovuka juu ya njia. Basi nyumba mpya ilifunguliwa kwa harusi, na ukoo wote ulikuja kuitazama. Fahari ya nyumba ilikuwa imejengwa tayari. Familia ilileta vyombo, vitambaa na vitanda tu.

Anayejenga leo, iwe Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, hahitaji kuiga tao wala waridi. Afuate mpangilio wa maamuzi. Mwambie fundi kabla ya kupandisha tofali ni ukuta upi wa sebule utabeba vitu, aache nafasi humo, na aweke linta juu yake. Chagua ukuta unaopokea nuru ya dirisha kwa ubavu, kisha ulimbikize mapambo hapo na uziache kuta nyingine zipumzike. Usipake rangi ya mafuta juu ya lipu mbichi. Maji yaliyofungiwa ndani yataivimbisha na kuibandua, hasa karibu na bahari penye chumvi. Ipe lipu wiki kadhaa ikauke.

Fedha nyingi za sebule zetu huishia kwenye makabati makubwa na mapazia mazito ya kuficha ukuta usiofikiriwa. Sehemu ya fedha hizo ikitumika mapema, fundi akiwa bado na mwiko mkononi, familia itapata chumba kipana zaidi na pambo ambalo halitahitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache.