Orodha Tupu Yenye Maana Mbili

Ukiiagiza programu ya aljebra itafute kilele cha fomula, inaanza kwa kutatua mlinganyo: wapi mteremko ni sifuri? Kisha inalinganisha thamani za nukta ilizozipata. Ikiruka nukta moja tu, inaweza kukutajia kilele ambacho si kilele, tena bila kusitasita. Hapo ndipo SymPy ilipobanwa. Hii ni maktaba huria ya hisabati iliyoanzishwa na Ondřej Čertík na kuandikwa kwa Python. Amri yake kongwe, solve, ni hodari wa kusaka majibu, lakini haikudhamini kamwe kwamba imeyapata yote.

Iulize ni x zipi ambazo sini yake ni sifuri. Inajibu [0, pi], basi. Yote mawili ni sahihi, ila yapo mengine yasiyo na idadi, mbele na nyuma, na orodha haidokezi lolote. Kibaya zaidi ni orodha inaporudi tupu. Je, mlinganyo hauna jibu, au amri imeshindwa kulipata? Nyaraka za SymPy zenyewe huwaonya watumiaji wasiamini moja kwa moja kwamba majibu hayapo.

Dawa yake, solveset, ilianza kuundwa mwaka 2014, na toleo la 1.0 la mwaka 2016 lilitoka nayo. Mtu angetarajia mbinu mpya za aljebra. Mabadiliko makubwa yalikuwa kwenye umbo la jibu: linarudi likiwa seti. Kwa sini, unapewa muungano wa seti mbili, 2nπ na 2nπ + π, n ikiwa namba kamili yoyote. (Mwalimu yeyote angeandika nπ akamaliza, lakini tusiidai mashine na unadhifu.) Seti tupu sasa ina maana moja: majibu hayapo. Ukiuliza x² + 1 = 0 ndani ya namba halisi, utapata seti tupu; usipotaja uwanja, unapewa i na −i, kwa kuwa namba changamano ndizo chaguo-msingi.

Na inaposhindwa? Kosini ya x ikiwa sawa na x, jibu halisi lipo, karibu na 0.739, lakini fomula ya kawaida ya kuliandika haipo. Solve hapo hukatiza kazi kwa ujumbe wa kosa. Solveset hurudisha seti ya masharti: x zote zinazotimiza mlinganyo huu. Msomaji mkali atasema hilo ni swali lilelile limevishwa kanzu. Ni kweli, lakini hakuna jibu lililopotea, na hatua inayofuata ya programu inajua kwamba kazi haijaisha.

Ahadi hiyo, ya kutoa majibu yote na ya kweli tu, ni nzito kuitunza. Tazama kipeuo cha pili cha x kikiwa sawa na x − 2. Njia ni ileile ya darasani: zidisha kila upande kwa wenyewe, upate x² − 5x + 4 = 0, yaani x ni 1 au 4. Lakini 1 ni jibu la bandia, kwani upande mmoja unatoa 1 na mwingine −1. Kwa hiyo kila jibu hurudishwa kwenye mlinganyo wa awali kukaguliwa kama tofauti ya pande mbili ni sifuri. Kwa namba 1 na 4 huo ni mchezo. Kwa rundo la vipeuo, logi na sini, ni balaa: mwaka 1968 Daniel Richardson alithibitisha kwamba kwa jamii fulani pana ya semi za namna hiyo, hakuna utaratibu wa kompyuta unaoweza kuamua kila mara kama usemi ni sifuri. Kwa hiyo kuna milinganyo ambayo mtatuzi mwaminifu hana budi kuiacha kiporo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kuwa na seti ya masharti.

Gharama yake ipo. Mhandisi anayetaka namba moja ya kuingiza kwenye hesabu hapendi kukabidhiwa muungano wa seti zisizo na mwisho, na ipo milinganyo ambayo solve huimaliza huku solveset ikirudisha masharti matupu. Ndiyo maana solve haikuondolewa. Amri zote mbili zimo ndani ya maktaba hadi leo, na anayesaka kilele ndiye asiye na sababu ya kuichagua ile kongwe.