Nani Anaosha Hivyo Vyombo?

Ukitaja umakinifu Nairobi siku hizi, watu wanawaza mkeka wa yoga, sauti ya mawimbi kwenye simu na ada ya kila mwezi. Ndiyo maana nataka turudi kwa The Miracle of Mindfulness, kijitabu cha Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyefariki mwaka 2022. Wengi wanakinukuu bila kukisoma.

Kilianza kama barua. Katikati ya miaka ya 1970, akiwa uhamishoni Ufaransa, alimwandikia mwenzake katika chuo alichosaidia kuanzisha Vietnam Kusini, cha vijana wa huduma za jamii. Vijana hao walikuwa wakijenga upya vijiji vilivyopigwa mabomu. Walikataa kuegemea upande wowote vitani, kwa hiyo pande zote ziliwashuku, na baadhi yao waliuawa. Sasa msomee mtu kama huyo habari za kupumua polepole. Si anasa, bana. Ni namna ya kuamka kesho na kurudi kazini bila kumezwa na hofu.

Sehemu maarufu ni ile ya vyombo. Ukiosha huku akili ikikimbilia chai inayokungoja, asema, hata hiyo chai ukiipata hutaionja. Sawa. Lakini mimi napenda zaidi kumbukumbu anayoanzia: akiwa mtawa mwanafunzi, wao wawili tu walipikia na kuoshea watawa ambao wakati mwingine walizidi mia moja, bila sabuni, kwa majivu, makapi ya mpunga na makumbi ya nazi. Yeyote aliyesugua sufuria ya ugali kwa jivu huko ushago anaijua hiyo stori.

Ninapogombana naye ni anaporuka kutoka hapo hadi jikoni mwa kisasa. Siku hizi kuna sabuni na bomba la maji moto, asema, kwa hiyo kuosha ni raha. Raha ya nani? Katika nyumba nyingi za hapa Nairobi zenye bomba hilo, anayesimama kwenye sinki ni dada wa kazi. Kumwambia afurahie povu na mshahara wa mwezi jana hajauona ni matusi. Monasterini walikuwa wawili. Kwetu zamu ni ya mtu mmoja, kila siku, na kitabu hakiulizi kwa nini.

Waajiri nao wamelipenda pengo hilo. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliyapeleka mazoezi haya hospitalini Massachusetts kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha, jambo la maana kabisa. Ila leo kuna ofisi zinazokutumia programu ya kupumua badala ya kulipa ovataimu.

Bado nakitetea, kwa sababu ya hadithi ya Tolstoy anayoisimulia upya humo. Mfalme anatafuta mtu aliye muhimu kuliko wote, na anaambiwa ni yule aliye mbele yake sasa hivi. Ukiisoma hivyo, huyo dada hawezi kuendelea kuwa sauti ya sahani tu kutoka jikoni.

Ni kitabu kifupi. Safari chache za matatu kwenye jam ya Thika Road zinakitosha. Mazoezi ya mwishoni unaweza kuyaruka. Tolstoy, usimruke.